Paukwa Iliyokosa Pakawa

Usilolijua ni kama usiku wa giza, walinena wahenga. Giza hilo lilinikuta mchana kweupe, jua likiwa utosini, kando ya barabara ya vumbi kaskazini mwa mji wa Mwingi. Aliyeniletea giza lenyewe ni ndege ambaye uzito wake haukufikia hata robo ya uzito wa kamusi niliyokuwa nayo mkobani. Kisa chenyewe si cha ajabu. Wapo wazee wengi katika nchi hii ambao wakikisikia watacheka na kuniuliza ni nini kipya hapo. Ninakisimulia kwa kuwa kilinifumania mimi, mwanafunzi wa fasihi, nikiwa na kalamu mkononi, ninaandika juu ya jambo ambalo sikulijua.

Ilikuwa mwezi wa Januari, mwaka 2024. Wakati huo nilikuwa nikiandaa sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu hurafa, yaani zile ngano ambazo wahusika wake ni wanyama. Suala lililonishughulisha ni uhuishaji: sungura anaposema, fisi anapojibu, kobe anapotoa hoja, ni nani hasa anayesema? Nilikuwa nimeliandikia jibu katika sentensi ambayo, nakiri, iliniridhisha kupita kiasi: “Katika hurafa mnyama hana sauti yake mwenyewe, sauti aliyo nayo ameazimwa na binadamu.” Msimamizi wangu aliirejesha rasimu hiyo akiwa ameipigia mstari sentensi yangu kwa wino mwekundu. Pambizoni aliandika maneno mawili tu: “Una hakika?”

Nilikuwa na hakika. Nilidhani mzee wa watu ananichelewesha tu.

Basi nikafunga safari ya kwenda Tseikuru, alikozaliwa marehemu babu yangu mzaa baba, ili nikarekodi ngano kutoka kwa dada yake ambaye sote humwita nyanya. Mimi nimezaliwa na kulelewa mjini Thika, na huko kwa babu nilikuwa nikienda wakati wa likizo nilipokuwa mdogo. Nilijihimu majogoo ya kwanza, nikapanda gari, nikapita Matuu, nikashuka Mwingi. Hapo nikaabiri matwana ya kuelekea kaskazini iliyokuwa imepakia abiria, magunia ya mahindi, madumu ya mafuta na kuku watatu waliofungwa miguu. Tuliiacha lami nyuma yetu. Vumbi likaingia kupitia madirishani likatutia sote rangi moja, mkubwa kwa mdogo.

Kabla ya kufika Kyuso tulisikia mlio kama wa bunduki. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepasuka. Lile la akiba lilipoteremshwa lilionekana kuwa limechoka kuliko lile lililopasuka. Dereva alishika kiuno akalitazama kwa muda, kisha utingo akalitwika kwenye pikipiki iliyokuwa ikipita akaenda nalo Kyuso kutafuta wa kuliziba. Sisi abiria tulitawanyika vivulini. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kunyesha vizuri, na ile nchi ambayo wengi huijua kwa ukame ilikuwa imevaa kijani. Migunga ilikuwa imechanua, na ukitulia uliweza kuwasikia nyuki.

Nilijitenga na wenzangu, nikaketi chini ya mgunga mmoja, nikaitoa rasimu yangu. Nilikuwa nimeifikia ile sentensi yenye mstari mwekundu niliposikia kelele juu ya kichwa changu. Ilikuwa sauti kavu ya haraka, mithili ya kiberiti kilichobaki njiti chache kikitikiswa karibu na sikio. Niliinua macho. Kwenye tawi, hatua chache kutoka nilipoketi, alikuwapo ndege mmoja mdogo kuliko njiwa. Mgongo wake ulikuwa wa hudhurungi iliyopauka, koo lake jeusi, shavuni ana doa jeupe, na mdomo wake mfupi ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia. Hakuwa na urembo wowote wa kumfanya msafiri asimame. Lakini alikuwa akinitazama.

Nilimpungia karatasi aondoke ili nisome. Akaruka, akatua kwenye mti wa mbele, akaanza tena kelele zake. Nilipoendelea kusoma alirudi pale pale penye tawi la kwanza, karibu zaidi, akatikisa kiberiti chake kwa kasi kuliko mwanzo. Nilipungia tena. Akaenda, akarudi. Mchezo huu tuliucheza mara tatu.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi juu ya dumu lake chini ya mti wa jirani alikuwa akitutazama kwa muda wote huo.

“Huyo hapigi kelele bure, mwanangu,” akasema. “Anakuita.”

“Ananiita mimi, mama?”

“Wewe, mimi, yeyote mwenye masikio na shoka. Ameona nyuki mahali. Hawezi kuwatoa peke yake. Mwitikie.”

“Nimwitikie vipi?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jinsi ya kutafuna. Akaniuliza ninakwenda wapi na kwa nani. Nilimtajia babu yangu. Alinyamaza kidogo.

“Kumbe wewe ni mjukuu wa yule mzee wa mizinga!” akasema. “Yeye asingeniuliza swali hilo.”

Maneno hayo aliyasema bila ubaya wowote, nayo yalinichoma vibaya sana. Niliifunga rasimu, nikasimama, nikamfuata ndege.

Aliposhtukia kuwa ninakuja aliruka mbele yangu, na mkia wake ukafunguka ukaonyesha weupe wa pande zote mbili, kama mtu apungaye kitambaa ili asipotee machoni pa mwenzake. Akatua. Akasubiri akipiga kelele. Nilipomkaribia akaruka tena. Tulipita miti mitatu minne namna hiyo, mimi nikikwepa miiba, yeye akinichungulia kutoka juu. Kisha akatoweka. Nilisimama katikati ya vichaka nikijiona mjinga, mtu mzima aliyevaa viatu vya ngozi na kubeba kinasa sauti, anamfukuzia ndege porini. Nikageuka ili nirudi. Ndipo alipotokea, na safari hii alishuka hadi kwenye kitawi kilicholingana na kifua changu. Tulikuwa tumeachana kwa hatua tatu. Niliyaona manyoya ya kooni yakitetemeka kila alipotoa sauti. Niliiona mboni ya jicho lake. Sijawahi kutazamwa na kiumbe wa porini kwa namna ile, si kwa woga wala kwa uchokozi, bali kama mtu anavyomtazama mwenzake baada ya kuuliza swali, akingojea jibu.

Nilikuwa na wajibu wa kusema kitu. Nilijaribu kupiga mluzi, ukatoka mluzi wa kusimamishia matwana. Hakutikisika. Nilijaribu kumwigiza sauti yake, nikaona haya. Mwishowe, na hapa msomaji una ruhusa ya kunicheka, nilimwambia kwa Kiswahili sanifu: “Haya, nakuja.” Akaendelea kunitazama.

Honi ya gari ikalia barabarani. Utingo alikuwa amerudi na gurudumu limezibwa, na mtu mwenye vumbi hadi kopeni aliyekwisha kupoteza saa mbili hataki kuachwa njiani. Nilimgeuzia mgongo nikaenda zangu. Alinifuata. Aliruka juu ya kichwa changu akatua mbele yangu, kati yangu na barabara, akaita. Nikampita. Akafanya hivyo mara ya pili. Baada ya hapo sikumsikia tena.

Jioni nilipofika Tseikuru nilimsimulia nyanya kisa hicho kabla hata ya kunywa maji. Hakusema neno. Alinyanyuka akanipeleka nyuma ya ghala. Hapo ardhini ilikuwapo mizinga mitano ya babu, ile ya magogo yaliyochongwa yakatobolewa kati, imelala ubavu. Mchwa walikuwa wameanza kuila. Katika mmoja wao kuku alikuwa ametagia. Nyanya alieleza kwamba baada ya kuondoka kaka yake hakutokea mtu wa kuipandisha mitini. Vijana wako Nairobi, wako Mombasa, na asali ikihitajika hununuliwa Mwingi ikiwa imetiwa chupani.

“Alikuwa akimwitaje, nyanya?” nikamuuliza.

Alifikiri. Akavikusanya viganja vyake viwili, akaviacha na uwazi mdogo kati ya vidole gumba, akaweka midomo, akapuliza. Ilitoka hewa tupu. Akajaribu tena, akibadilisha namna ya kuvikunja vidole, huku macho yake yakiwa mbali kama mtu anayejaribu kuikumbuka sura ya marehemu. Hewa tupu. Akaishusha mikono. “Kazi ile ilikuwa ya wanaume,” akasema. “Mimi nilikuwa nikisikia tu.”

Hapo nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelifukia kwa karibu miaka ishirini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimekuja likizo ya Desemba. Babu alinichukua porini akanifundisha kuvikunja viganja vile vile. Nilijaribu mara mbili, nikashindwa, nikachoka. Nikamwambia: “Babu, mambo haya hayaji katika mtihani.” Alicheka kwa sauti kubwa, akanipiga kidogo begani, nasi tukaenda zetu. Hakunifundisha tena, wala mimi sikumwomba. Alifariki nilipokuwa katika kidato cha pili. Mtihani niliupita vizuri, na mingine mingi baada ya huo. Fuata nyuki ule asali, husema Waswahili. Babu alimfuata anayewafuata nyuki, na alikuwa tayari kunionyesha njia.

Niliporejea chuoni niliiacha tasnifu kwa wiki mbili nikamtafuta ndege wangu katika maktaba na katika intaneti. Kwa Kiswahili anaitwa mlembe. Jina hili lilikuwamo katika kamusi ile ile niliyokuwa nayo mkobani siku hiyo. Nililolipata katika maandishi ya wataalamu lilinifanya niuone mkutano wetu upya.

Mlembe hula nta, pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Ni wanyama wachache mno wanaoweza kujilisha kwa nta. Shida yake ni kwamba mzinga wa nyuki mwitu huwa ndani ya shina la mti au ufa wa mwamba, na walinzi wake wana miiba. Binadamu naye ana moto, moshi na shoka, lakini hajui nyuki walipo. Hivyo wawili hawa hushirikiana, kila mmoja akileta asichokuwa nacho mwenzake. Ushirikiano huu si wa jana. Mmisionari Mreno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala nchini Msumbiji, aliandika habari za mwaka 1588 kuhusu ndege wadogo walioingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na ambao pia waliwaongoza watu hadi penye asali.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ulifanyika humu humu nchini. Hussein Isack, mtaalamu wa ndege kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer kuwachunguza warina asali wa Kiborana huko kaskazini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walihitaji kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga mmoja bila ndege. Walipoongozwa na mlembe walihitaji saa 3.2. Waborana walisema kwamba ndege huwaarifu upande wa kwenda na umbali uliobaki, na vipimo vya watafiti hao vilionyesha kwamba wazee hawakuwa wakipiga porojo. Nao Waborana humwita ndege kwa mluzi mkali unaopigwa kwa viganja vilivyokunjwa, au kwa kupuliza ndani ya kombe la konokono au kokwa la mkoma. Niliposoma habari ya viganja niliifunga kompyuta nikatoka nje.

Kuna mengine. Huko Niassa, Msumbiji, Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti kuhusu Wayao, ambao humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaomalizikia kwa mguno. Waligundua kwamba mwito huo uliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023 mtafiti huyo, pamoja na Brian Wood, akalinganisha Wayao na Wahadza wa Tanzania, ambao wao hupiga mluzi wenye lahani. Walembe wa nchi ya Wahadza waliuitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Wale wa Niassa waliuitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Kihadza. Kwa maneno mengine, wanaisimu wenzangu, ndege hawa wana lahaja. Wameijifunza lugha ya watu wanaokaa nao. Na hili ni ajabu zaidi ukizingatia kwamba mlembe hutaga mayai yake katika viota vya ndege wengine, kama vile hudihudi, kwa hiyo hakuna mlembe aliyefunzwa lolote na mama yake mzazi.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimemgeuza ndege huyu kuwa malaika. Kinda la mlembe huzaliwa na kulabu mdomoni, na kazi ya kulabu hizo ni kuwaua makinda ya mwenye kiota. Aliyenijia kando ya barabara hakunipenda, alitaka nta. Lakini hata fanani aghalabu huwa anataka kitu kutoka kwa hadhira yake, na hatusemi kwa sababu hiyo kwamba hana sauti.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimemweka mnyama katika nafasi moja tu, ya mhusika. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunajua vyema kwamba fanani hutanguliza “Paukwa!” na kwamba hadithi haianzi mpaka hadhira ijibu “Pakawa!” Fanani anaweza kuwa na sauti nzuri, hadithi yake ikawa nzuri, lakini asipoitikiwa itambidi anyamaze. Chini ya ule mgunga mimi sikuwa fanani wala mtafiti. Nilikuwa hadhira. Ndege alisema Paukwa yake mara nyingi kuliko adabu inavyodai, akashuka hadi usawa wa kifua changu ili nimsikie vizuri, nami nikamjibu kwa lugha asiyoifahamu, kisha nikamkimbilia dereva.

Tumezoea kusema kwamba lugha hufa inapomkosa msemaji. Nadhani hufa mapema zaidi, pale inapomkosa mwitikiaji. Mlembe wa Kyuso alikuwa bado anasema. Yamkini katika maisha yake aliwahi kumpata binadamu aliyemjibu kwa viganja, ndiyo maana alinivumilia. Lakini miito hii hujifunzwa, na kinachojifunzwa huweza kusahaulika kwa pande zote mbili. Zipo sehemu nyingi za Afrika ambako desturi hii imekwisha kufifia, watu walipohamia mijini na sukari ilipojaa madukani. Ndege ataita mara tatu, mara nne, ataona hakuna anayekuja, naye atajitafutia riziki kwingine.

Ile sentensi yangu nimeifuta. Mahali pake nimeandika aya mbili ndefu ambazo bado haziniridhishi, zinazouliza kama baadhi ya hurafa zetu zilianza kwa mtu kumsikiliza mnyama kabla ya kumtia maneno kinywani. Msimamizi wangu amezisoma. Safari hii hakuandika kitu pambizoni. Aliniuliza tu kama nilimpata mtu wa kunifundisha ule mwito.

Bado. Nyanya amenielekeza kwa mzee mmoja anayeishi upande wa vilima vya Mumoni, ambaye inasemekana aliwahi kurina asali pamoja na babu. Nimeazimia kwenda kwake. Kinasa sauti nitakibeba, lakini nitakwenda hasa kuikunja mikono yangu mbele yake na kurekebishwa.

Nawe msomaji mwenzangu, utakapokwenda nyumbani likizoni kukusanya methali, vitendawili na nyimbo za kazi, usiishie hapo. Waulize wazee miluzi. Waulize walivyowaita ng’ombe, walivyowatuliza nyuki, walivyowajibu ndege. Ukifundishwa ukashindwa mara mbili, jaribu mara ya tatu, wala usimwambie mzee kwamba mambo hayo hayaji katika mtihani.